Mbuga Haiko Tupu

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii tumeirithi kwa wazee wetu, na kila tunapozungumza juu ya wakubwa wanaogombana na wanyonge wanaoumia, ndiyo hututangulia mdomoni. Lakini ni mara chache tumeinama kuzitazama nyasi zenyewe. Zinaota wapi na kwa sababu gani? Ni nini kinachozifanya zibaki kuwa nyasi, zisigeuke kuwa msitu wala jangwa? Na ni nani azitunzaye?

Katika toleo hili tumeona vema kuichukua methali hiyo kwa maana yake ya wazi kabisa. Katika vijiji vingi vya nchi yetu ugomvi unaoletwa mbele ya viongozi wa jumuiya na wa serikali ya kijiji ni ugomvi wa nyasi. Shamba limeliwa, ng'ombe wamekamatwa, mpaka umesogezwa, njia ya mifugo imelimwa. Tunapoitwa kusuluhisha, twafika na nia njema na maneno ya upatanisho, lakini mara nyingi hata sisi wasuluhishi hatukijui vizuri kile kinachogombewa. Msuluhishi asiyeijua mali ya ugomvi huishia kuwapatanisha watu kwa siku moja tu, na msimu unaofuata wanarudi palepale.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tunaomba mtuvumilie tukianza na mambo ya udongo na mvua kabla ya kufika kwenye mambo ya haki. Tutaonyesha kwamba mambo haya ni mamoja.

Uhai ulio karibu na ardhi

Mti hukua kwa ncha. Ncha ikikatwa, mti husita kwanza ndipo utafute tawi jingine. Nyasi hukua kwa namna nyingine: kitovu cha ukuaji wake kiko chini, karibu na ardhi, mahali ambapo jino la ng'ombe halifiki kwa urahisi na ambapo moto wa nyika hupita juu yake upesi. Kwa sababu hiyo nyasi huweza kuliwa na kuchomwa, kisha zikachipua tena mvua inyeshapo. Sehemu kubwa ya uhai wake imo mizizini, haionekani.

Lakini uvumilivu huo una mpaka wake. Jani ndilo linalolisha mzizi. Nyasi zikiliwa leo, zikaliwa tena kesho kabla jani halijapona, mzizi hupungua msimu kwa msimu, na mwisho shina zima hufa. Mahali pake huota magugu yasiyoliwa na mifugo, au pasiote kitu. Hapo mvua ikinyesha haiingii ardhini. Hutiririka na kuchimba korongo. Basi nyasi haziuawi na kuliwa. Huuawa na kukosa mapumziko. Tunawaomba wasomaji walishike neno hilo, maana tutalirudia.

Mvua, udongo, moto na wanyama

Wako wanaodhani kwamba mbuga ni msitu ulioharibiwa, au ni ardhi iliyoshindwa kuzaa miti. Sivyo. Wataalamu waliolinganisha savana za Afrika walionyesha mwaka 2005 kwamba mahali ambapo mvua ya mwaka haizidi wastani wa milimita 650 hivi, uchache wa maji wenyewe huizuia miti isifunge. Mahali penye mvua zaidi ya hapo miti ingeweza kufunga kabisa, na kinachoubakiza uwanda wazi ni moto pamoja na wanyama walao majani.

Udongo nao una neno lake. Kusini-mashariki mwa Serengeti, kuelekea nyanda za juu za Ngorongoro, ardhi imefunikwa na majivu ya volkano ya zamani. Chini kidogo ya udongo huo kuna tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hailipenyi. Ndiyo maana uwanda ule ni wa nyasi fupi tupu, mti haupo hadi macho yanapochoka. Lakini nyasi hizo fupi zina madini mengi, nao nyumbu huzifuata wakati wa mvua ili wazalie pale na kunyonyesha. Kiangazi kikiingia huondoka kwenda kaskazini na magharibi, kwenye mvua nyingi zaidi na nyasi ndefu. Hata wakati wa kula wana utaratibu: pundamilia hutangulia kula mashina marefu na makavu, nyumbu hufuata, na mwishoni huja swala wadogo kwa machipukizi yaliyobaki chini. Kila mmoja humwandalia mwenzake meza.

Ni kwa kiasi gani wanyama huijenga mbuga, historia ya sotoka yatufundisha. Ugonjwa huo uliingia pembe ya Afrika miaka ya mwisho ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1890 ulikuwa umefagia mifugo ya Afrika Mashariki. Wamasai waliikumbuka miaka hiyo ya sotoka, ndui na njaa kwa jina la Emutai, yaani maangamizi. Mifugo na wanyamapori walipokwisha na watu walipotawanyika, vichaka vilipanda mahali palipokuwa malisho, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o na malale. Wageni waliokuja baadaye waliikuta nchi hiyo na kuiita pori la asili. Hawakujua kwamba walikuwa wanatazama kaburi.

Chanjo ya ng'ombe ilipoiondoa sotoka katika eneo la Serengeti, nyumbu waliongezeka kutoka robo milioni hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walipozila nyasi, moto ulikosa cha kuunguza, ukapungua. Na moto ulipopungua, miche ya miti ikapata nafasi. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani. Tazameni basi: dawa aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji ilibadili sura ya mbuga nzima, nyasi, miti na moto kwa pamoja.

Mkono wa mfugaji

Mtu naye yumo ndani ya hesabu hii, wala si mgeni. Mfugaji wa Kimasai hutenga karibu na boma malisho ya ndama na wagonjwa, aitayo olopololi. Huhama kati ya nyanda za chini wakati wa mvua na miinuko wakati wa kiangazi. Nyumbu wanapozaa uwandani huwaondoa ng'ombe wake, kwa kuwa ndama wa nyumbu hueneza ugonjwa unaoua ng'ombe. Huchoma nyasi kuukuu ili kupata chipukizi na kupunguza kupe. Wasukuma wana ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa mvua zianzapo na kufunguliwa kiangazi. Katika mila hizi zote tunaliona neno lile tuliloomba lishikwe: mapumziko. Anayehamahama anazipa nyasi nafasi ya kupona. Tunaposema kwamba hajui atakako, tunasema tusilolijua.

Ngorongoro yatupa ushahidi. Mwaka 1974 wafugaji waliondolewa kuishi ndani ya kreta, na uchomaji wa nyasi ulizuiwa kwa muda mrefu. Nyasi zikawa ndefu na ngumu, kupe wakaongezeka. Baada ya ukame mkali wa mwaka 2000, nyati na wanyama wengine walikufa kwa wingi, na magonjwa yaenezwayo na kupe yalikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2001 uchomaji wa kupangwa ulirudishwa kwa makusudi. Kazi ambayo wachungaji waliifanya kwa kiberiti na fimbo, bila mshahara, ilibidi ifanywe upya kwa mpango wa wataalamu.

Hatusemi kwamba kila desturi ya zamani ni njema, wala kwamba kila moto ni wa busara. Moto wa mwisho wa kiangazi, uliowashwa na mwindaji au mpita njia, huacha ardhi uchi mbele ya mvua ya kwanza. Tunasema tu kwamba mbuga tunayoiona ni kazi ya mvua, udongo, moto, meno na mikono kwa pamoja. Ukimwondoa mmoja, nyasi hubadilika.

Neno moja lenye madhara

Sasa tunafika kwenye haki. Kuna neno dogo ambalo limewadhuru watu wengi katika nchi yetu, nalo ni "tupu". Mtu anasimama kando ya barabara wakati wa masika, anatazama uwanda wa nyasi usio na nyumba, usio na jembe, usio hata na ng'ombe mmoja, na anasema: ardhi hii ni tupu. Hajui kwamba ng'ombe hawapo kwa sababu zamu yao haijafika. Kile anachokiona kuwa utupu ni akiba ya kiangazi, sawa na ghala la mahindi lililofungwa mwezi wa nane. Hakuna mtu anayeliita ghala tupu kwa kuwa mlango wake umefungwa.

Neno hilo limeingia hata katika vitabu vya sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4, ilivyotungwa mwaka 1999, iliigawa ardhi yote ya umma katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Lakini ilipoifafanua ardhi ya jumla iliongeza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka uleule haikuyaweka maneno hayo. Tofauti hiyo si ndogo kwa kijiji cha wafugaji. Ni nani atakayeamua kwamba malisho yanayopumzishwa "hayatumiwi"? Mwenye jembe aliyeacha shamba lipumzike husifiwa kuwa mkulima bora. Mwenye fimbo akifanya vilevile, huambiwa hana haja na ardhi.

Matokeo tunayajua. Sehemu zinazotangulia kuchukuliwa si uwanda mzima. Huchukuliwa bonde lenye unyevu, kando ya mto, mahali penye kisima. Kwa macho ya mpimaji hilo ni eneo dogo. Kwa mfugaji ndilo mlango wa uwanda wote, maana asipokuwa na mahali pa kunywesha kiangazi, maelfu ya ekari zilizobaki hazimfai. Mifugo iliyobanwa hukaa mahali pamoja mwaka mzima, nyasi hukosa mapumziko, ardhi huwa uchi. Kisha tunamlaumu mfugaji kwa kuharibu mazingira. Na mwaka wa ukame ukija, huvunja mipaka yote, kwa sababu mtu hawezi kukaa akiwatazama ng'ombe wake wakifa.

Mwezi Desemba mwaka 2000, huko Rudewa wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde la Usangu na mifugo yao ikaswagwa kuelekea mikoa ya kusini; mingi ilifia njiani, na vijiji vilivyowapokea viliachiwa ugomvi ambao havikuuandaa. Mwaka 2022 mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500 iliwekwa Loliondo, na mwaka huohuo familia za Ngorongoro zilianza kuhamia Msomera wilayani Handeni. Hatutaki hapa kuamua kila shauri. Lakini tunasema kwa sauti moja: asiondolewe mtu kwenye malisho yake kabla hajasikilizwa kikamilifu, wala asipelekwe kwenye ardhi ya mwenzake bila mwenzake huyo kuulizwa. Anayepokea naye ana haki.

Hakuna upande ulio safi

Tungekuwa waoga kama tungewalaumu walio mbali peke yao. Wapo wafugaji matajiri wanaoingiza makundi makubwa katika mashamba ya wajane usiku, wakijua kwamba faini ni ndogo na kwamba yuko mtu wa kuwalinda. Wapo wakulima wanaolima katikati ya njia ya mifugo kwa makusudi, ili walipwe fidia ya mazao yatakayoliwa. Wapo viongozi wa vijiji wanaokodisha malisho ya wote kwa wageni na kutia fedha mfukoni, kisha wakawaacha maskini wa pande mbili wapigane. Na wapo miongoni mwetu, viongozi walei na wazee wa jumuiya, wanaoyajua mambo hayo na kunyamaza kwa sababu mhusika ni mfadhili wa harambee yetu. Fahali wanapigana, nasi tumeshika kamba.

Mifano ya kutia moyo

Shinyanga iliwahi kutajwa kama mfano wa nchi inayogeuka jangwa. Miti ilifyekwa tangu miaka ya 1920 ili kuwamaliza mbung'o, pamba na mifugo vikaongezeka, na watu walipohamishiwa katika vijiji miaka ya 1970 waliziacha ngitili zao mbali na makao mapya, zikafa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa kwa kifupi HASHI. Baada ya muda ilionekana kwamba njia bora si kugawa miche tu, bali kuirudisha mila ya wenyeji yenyewe. Kanuni ziliwekwa na watu katika mkutano wa kimila uitwao dagashida, na walinzi wakawa wao wenyewe. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimepona, zikitoa malisho, kuni, asali na dawa; na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa. Haikuwa bila kasoro, kwa kuwa aliyekuwa na ardhi kubwa ndiye aliyenufaika zaidi. Lakini yathibitisha kwamba nyasi zikipewa mapumziko hurudi, na kwamba kanuni iliyotungwa na watu hulindwa na watu.

Wilayani Kiteto nako vijiji jirani, vikiwemo Orkitikiti, Lerug na Ngapapa, viliamua kwamba nyasi hazijui mpaka wa kijiji. Viliunganisha malisho yao katika mpango mmoja wa matumizi ya ardhi na kuyaita OLENGAPA. Hivyo ng'ombe wa kijiji kimoja wanapofuata mvua kwa jirani, hawaendi kama wavamizi.

Tufanye nini?

Tunawaomba viongozi wa jumuiya na wajumbe wa haki na amani katika kila parokia wayatekeleze mambo haga machache, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kijueni kijiji chenu. Tembeeni pamoja, mkulima na mfugaji, wanaume kwa wanawake, mkaitaje kila njia ya mifugo, kila lambo, kila bonde la kiangazi. Wasikilizeni wanawake hasa, maana wao ndio wachotao maji na kukata nyasi za kuezekea, nao huona mabadiliko kabla ya wazee wa baraza.

Pili, ulizeni kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, na kama malisho yameandikwa ndani yake kuwa ni malisho yanayotumika, pamoja na miezi yanapopumzishwa. Kilichoandikwa hakiitwi tupu kwa urahisi. Inapowezekana, kikundi cha wafugaji kiombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja.

Tatu, hudhurieni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Ardhi nyingi imepotea si kwa sababu sheria ilikosekana, bali kwa sababu siku ya mkutano wengi wetu tulikuwa na shughuli nyingine, na mahudhurio yakasainiwa nyumbani kwa mtu.

Nne, wekeni mapatano kabla ya kiangazi. Mkulima akiisha kuvuna, mabua yake ni malisho, na samadi ya ng'ombe ni mbolea ya shamba lake. Zamani watu hawa wawili walihitajiana. Wanaweza kuhitajiana tena, ikiwa tarehe ya kuingia shambani, njia ya kupita na fidia vitajulikana mapema.

Umoja wa Mataifa uliamua mwezi Machi 2022 kwamba mwaka 2026 uwe Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Ni vizuri, lakini nyasi hazitaota kwa maazimio. Zitaota pale ambapo watu wa kijiji kimoja watakubaliana nani alishe wapi na lini, na wakayaheshimu maneno yao.

Wachungaji wa Abrahamu na wachungaji wa Lutu waligombana kwa sababu ardhi haikuwatosha pamoja. Abrahamu, aliyekuwa mkubwa na mwenye haki ya kuchagua, alimwachia mdogo achague kwanza. Hadithi hiyo tumeisikia mara nyingi, na kwa kawaida tunasifu unyenyekevu wake. Tungeongeza jambo moja: Abrahamu aliwahi. Alizungumza na jamaa yake wakati ugomvi ulikuwa bado wa wachungaji, kabla haujawa wa damu.

Kwetu sisi masika hii nyasi ziko juu, ng'ombe wameshiba na hakuna anayekasirika. Huu ndio wakati wa kuitisha kikao. Tukingoja hadi Oktoba, tutakutana kwenye kituo cha polisi, au makaburini.